Je, Wajua? Kutinda Nyusi Bila Machozi

Je, wajua kuwa chafya inayokushika katikati ya kutinda nyusi haitokani na mafua wala poda? Ngozi ya juu ya jicho na utando wa ndani ya pua hupata hisia kupitia mshipa mmoja wa fahamu, wa tano kati ya jozi 12 za mishipa ya kichwani. Unywele ukivutwa, tawi la nyusi hupeleka habari, na ubongo huitikia kana kwamba pua ndiyo iliyochokozwa. Chozi nalo hupita njia hiyohiyo. Binti anayetokwa machozi mbele ya kioo asiambiwe anadeka.

Je, wajua tawi hilo linapochomoza? Pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa mfupa wa juu ya jicho, ukianzia upande wa pua kwenda nje. Ukifika kama theluthi ya njia, watu wengi watakuta kijibonde kidogo. Kibonyeze, utaruka. Madaktari hubonyeza hapohapo kumpima mgonjwa aliyezimia, waone kama bado anasikia maumivu. Hapo ndipo unapopeleka kibano kila mwisho wa wiki, basi kipeleke kwa adabu.

Na je, wajua kuwa kidole chako ni dawa? Mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kuwa hisia za kuguswa na kubonyezwa zinaweza kuufungia mlango ujumbe wa maumivu kabla haujafika kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtoto aliyejigonga goti hutulia mama akimsugua. Kwenye nyusi fanya hivi: mara unywele unapotoka, bonyeza mahali pake kwa ncha ya kidole safi, hesabu moja, mbili, tatu, kisha uende kwenye unaofuata. Wengi hungoja mpaka mwisho ndipo wajipapase, na kufikia hapo maumivu yamekwisha kupita.

Je, wajua kuwa mkono usioshika kibano ndio wenye kazi kubwa? Ngozi iliyolegea huinuka pamoja na unywele kama hema, na kuvutwa kwake kunauma kuliko kutoka kwa unywele wenyewe. Itandaze kwa vidole viwili, kimoja juu na kimoja chini, ikaze bila kujikwaruza. Shika unywele karibu kabisa na ngozi, mmoja mmoja, uuvute kufuata ulikolalia. Nywele za nyusi hazilali upande mmoja: za karibu na pua hutazama juu, za katikati hulala kuelekea sikio, za mkiani huteremka. Anayevuta zote upande mmoja hukata nusu yake. Unywele uliokatikia chini ya ngozi, hasa wenye asili ya kujikunja kama wetu, hujipinda ukaota kwa ndani, na siku chache baadaye unaona kipele.

Uangalie unywele uliotoka. Ukiwa na kifuko laini, chenye unyevu na weusi kwenye shina, ulikuwa bado unakua, na yaelekea uliuma. Ukiwa na kinundu kikavu cheupe, ulikuwa umeshamaliza muda wake na ungeanguka wenyewe. Wako wanaoamini kuwa kile cheupe ni mzizi, na kwamba ukitoka nacho unywele haurudi. Si kweli. Kinachouzalisha unywele kimebaki chini ndani ya ngozi.

Je, wajua kuwa mafuta ya nazi kabla ya kutinda ni adui? Kibano huteleza, nawe unarudia unywele uleule mara nne. Paka baadaye. Wakati mzuri ni ukitoka kuoga, au ukiwa umeweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya nyusi kwa dakika chache, kisha ukaikausha ngozi vizuri. Barafu ni ya baada ya kazi: ifunge kwenye kitambaa, gusa na kuachia, usiigandishe moja kwa moja juu ya ngozi. Maji ya moto sana hayafai kabla wala baada, kwani huongeza damu mahali ambapo tayari pamechokozwa.

Kibano chenyewe kipime kabla hujakinunua. Kibane, kiinue kuelekea dirishani: ukiona mwanga ukipenya katikati ya ncha mbili, kirudishe. Kisha jaribu kushika nacho kinyweleo kimoja cha mkononi. Kizuri hushika mara ya kwanza bila kukandamizwa. Chenye ncha zilizokatwa mshazari kinawafaa wengi, kile chenye ncha kali kama sindano waachie wenye mkono uliozoea.

Je, wajua kuwa spiriti ya asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko iliyo kali zaidi? Maji yaliyomo ndani yake huisaidia kuharibu protini za vijidudu, na huifanya ikawie kukauka. Futa kibano kabla na baada, kiache kikauke chenyewe.

Hapa nataka tusimame kidogo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Kwenye saluni nyingi za mitaani wembe au kibano kimoja hupita kwa wateja watano kabla ya adhuhuri. Msusi hana nia mbaya, ila kirusi hakijali nia. Nenda na kibano chako, na kama ni wembe, ufunguliwe mbele yako. Nyumbani pia, dada na mdogo wake kila mmoja awe na chake. Chanjo ya homa hiyo ipo, na kwa mtu mzima kwa kawaida ni sindano tatu.

Je, wajua kuwa wembe hauufanyi unywele uote mnene? Mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alilichunguza jambo hili na kutoa majibu yake mwaka 1928: unywele ulionyolewa haukuongezeka unene wala kasi. Unaonekana mgumu kwa sababu ncha yake iliyochongoka imekatwa butu. Kwa mwenye ngozi inayovimba kila akinyofoa, wembe mdogo wa nyusi ni njia ya haki kabisa.

Je, wajua kuwa kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usiuone kabisa? Utakachoona ni kuvimba, utahisi joto, kisha wiki mbili baadaye utagundua baka jeusi chini ya nyusi. Hilo ndilo wekundu wetu, limekuja kwa kuchelewa, na linaweza kukaa miezi. Jua hulikoleza. Ndiyo maana jioni ni bora kuliko asubuhi: ngozi inapata usiku mzima kutulia kabla ya jua, jasho na vipodozi.

Anayetumia mkorogo wa kujichubua awe mwangalifu mara mbili. Mchanganyiko huo mara nyingi huwa na dawa za steroidi, ambazo hukondesha ngozi ikachubuka upesi na kupona polepole. Krimu za chunusi za jamii ya tretinoini na adapalini nazo huifanya ngozi iwe nyepesi kuchunika, hasa ukinyofoa nywele kwa nta. Na anayemeza isotretinoini kwa chunusi kali hushauriwa aiache nta kabisa, na angoje angalau miezi 6 baada ya dozi kuisha.

Je, wajua kuwa ndimu juu ya ngozi iliyonyofolewa ni hatari? Maji yake yana kemikali ambazo zikikutana na jua huiunguza ngozi na kuacha weusi. Nimesikia ikisifiwa sana kama dawa ya kuua vijidudu, na inaniuma kila nikisikia. Dawa ya meno pia hapana. Maji baridi na alovera isiyo na manukato yanatosha.

Na piko? Rangi nyeusi ya nywele inayopakwa mikononi na kwenye nyusi mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD, inayoweza kuamsha mzio mkali. Nchini Marekani, miaka ya 1930, rangi ya kope na nyusi iliyouzwa kwa jina la Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hiyo, ilipofusha macho na kusababisha kifo. Kisa hicho ni kimojawapo kati ya vilivyosukuma sheria ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Ukitinda leo, usipake piko leo.

Je, wajua kuwa Mgiriki Herodoto aliandika kwamba katika Misri ya kale, paka wa nyumbani akifa, wenye nyumba wote walinyoa nyusi zao? Na huko Japani, enzi za Heian, mabibi wa ikulu walizinyofoa zote wakajichorea nyingine juu zaidi, kwenye paji la uso.

Kwa Waislamu, jambo lenyewe lina hukumu yake. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inakemea kunyofoa nyusi, na wanazuoni wamejadili mipaka yake, zikiwemo nywele za katikati ya nyusi mbili. Mwenye swali amwendee shekhe anayemwamini.

Je, wajua kuwa nyusi hututambulisha kuliko tunavyodhani? Mwaka 2003 Javid Sadr na wenzake walionyesha watu picha za watu mashuhuri, nyingine zimefutwa macho, nyingine zimefutwa nyusi. Zisizo na nyusi zilikuwa ngumu zaidi kutambua. Kwa hiyo kila unywele unaoutoa unabadilisha sura, na si kila unaotolewa hurudi. Shina likivutwa mwaka baada ya mwaka hufikia kuchoka. Mwigizaji Lana Turner alinyolewa nyusi zake kwa ajili ya filamu ya mwaka 1938 kuhusu Marco Polo, na husimuliwa kuwa hazikuota tena sawasawa. Kioo kinachokuza hufanya vinyweleo visivyoonekana na mtu yeyote vionekane kama msitu. Tumia cha kawaida, karibu na dirisha, na baada ya kila nywele chache rudi nyuma hatua mbili utazame uso mzima. Ukishazidisha, ziache miezi minne hivi kabla ya kuamua kuwa zimegoma.

Nyusi zikipungua bila kuguswa, hilo ni jingine. Zikikonda upande wa nje, huenda tezi ya thairoidi iliyoko shingoni imelegea. Zikitoweka pamoja na mabaka yasiyo na hisia, pima ukoma: dawa hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12. Na anayeshindwa kuacha kujinyofoa hata akitaka, ana maradhi yaliyopewa jina na daktari Mfaransa, Hallopeau, mwaka 1889. Anahitaji kusikilizwa na mtaalamu, wala si kugombezwa.

Baada ya kutinda, ngozi ya wengi hutulia ndani ya saa chache. Kipele kidogo chenye usaha kiwekee kitambaa cha uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, bila kukiminya. Mishipa ya damu ya kati ya nyusi hupeleka damu nyuma ya jicho na kuingia ndani ya fuvu, na usaha unaweza kuifuata, japo ni nadra. Uvimbe ukishuka hadi kwenye kope, jicho likiuma unapoligeuza, ukaona ukungu au ukapata homa, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na mweleze daktari kuwa ulitinda nyusi, ulitinda lini na kwa kitu gani.