Choki Isiyokaa Mahali Pake

Katika moja ya ziara zetu za kukagua pikipiki za mradi, tulifika kwenye usharika mmoja wa nyanda za juu na kuikuta kamati ina malalamiko mazito. Daftari la petroli lilionyesha kuwa pikipiki ya mwinjilisti inatumia mafuta mengi kuliko zamani, ingawa safari zake hazikuongezeka. Baadhi ya wajumbe walikwisha kuanza kunong'ona kuwa petroli inauzwa.

Tulipoikagua pikipiki tulikuta kishikio cha choki kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kisirudi ndani. Mwinjilisti alieleza kwamba asubuhi za baridi kikirudi, injini huzimika. Akishaondoka, mara nyingi husahau kuufungua mpira. Hapakuwa na mwizi, bali nati iliyolegea.

Choki hufanya nini?

Injini ikiwa ya baridi huhitaji petroli zaidi ili iwake. Katika pikipiki nyingi zenye choki ya waya, ukivuta kishikio, waya huinua kipande kidogo ndani ya kabureta na kufungua njia ya petroli ya ziada. Springi hukirudisha kipande hicho. Kinachozuia kishikio kisivutwe na springi ni msuguano tu, na mitetemo ya barabara zetu huupunguza siku hadi siku.

Choki ikibaki wazi wakati injini imekwisha kupata joto, petroli hupotea, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Hapo pistoni na ringi huchakaa mapema.

Namna ya kurekebisha

1. Zima injini, iache ipoe. Vuta nyuma kifuniko cha mpira kilicho chini ya kishikio. Katika aina nyingi utaona nati ya kuongeza msuguano.

2. Kaza nati kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Kishikio kibaki pale unapokiacha, lakini kirudi ndani kwa kusukumwa na kidole. Ukikaza mno hakitarudi chote.

3. Usipake grisi wala oili kwenye sehemu inayobanwa na nati, maana itateleza. Ikiwa waya wenyewe ni mzito kuvutika, angalia kama umepinda au nyuzi zake zimekatika. Waya wa namna hiyo ubadilishwe.

4. Sukuma kishikio ndani kabisa. Waya uwe na ulegevu wa milimita 2 hivi, ili choki ifunge kabisa. Kisha washa injini na ugeuze usukani kushoto na kulia. Mlio ukibadilika, waya unavutwa mahali fulani, upitishwe upya.

Pikipiki ambayo choki yake ni mkono mdogo ulio kwenye kabureta yenyewe haina waya huu, na zile mpya zisizo na kabureta hazina choki ya kuvuta kabisa. Fuateni kitabu cha maelekezo cha pikipiki yenu.

Ombi letu kwa kamati

Tunashauri choki iwekwe kwenye orodha ya ukaguzi wa kila mwezi, pamoja na mnyororo, breki na upepo wa matairi. Kazi hii haihitaji kununua kitu. Petroli ikipanda ghafla, fungueni kwanza plagi mwone rangi yake, kabla ya kumwita mtu kwenye kikao.

Kwa wafadhili wetu, tunaamini kuwa kutunza pikipiki mliyotupatia ni sehemu ya shukrani yetu. Kamati ile ilimwomba mwinjilisti radhi mbele yetu, naye akaukata ule mpira kwa mkono wake mwenyewe.