Traka ya Pikipiki: Thika na Ruiru Ulipie Nini?

Mwenye bodaboda wa Makongeni na mwenye Probox wa Kamakis hukutana na swali lilelile dukani: unataka traka ya bei gani? Wao waanze na lao: ikikosa setilaiti, itanionyesha wapi?

Traka nyingi hujua zilipo kwa GPS, kisha hutuma habari kwa laini ya simu. Pikipiki ikifichwa ndani ya stoo ya mabati, mawimbi yaliyotoka kilomita 20,000 hivi angani hayapenyi, na kifaa hubaki kutegemea minara ya simu. Hapo ndipo 2G na 4G zinapoachana. Umbali hupimwa kwa muda, na wimbi la redio hukata mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Masafa yakiwa mapana, muda husomeka vizuri zaidi. Mkondo wa 2G una upana wa kilohezi 200 tu. Wa 4G ukifika megahezi 20 hubeba mawimbi madogo 1,200 bega kwa bega. Ndiyo maana hatua moja ya kipimo cha umbali hadi mnara ni mita 550 hivi kwa 2G, na 78 kwa 4G. Mita 550 pale Makongeni ni nyumba nyingi mno za kubishia hodi.

Hata hivyo, traka ya 4G inayosoma namba ya mnara pekee haikupi faida hiyo. Muulize fundi, na akupe jibu kamili.

Gharama nayo ijumlishwe yote: kifaa, kufungiwa, bando na ada ya mwaka.

Vitagi vya Bluetooth havina laini wala ada. AirTag ilianza kuuzwa 2021 kwa dola 29, lakini hutafutwa na iPhone zinazopita karibu, na steji ya Thika imejaa Android. Vipo vinavyotumia mtandao wa Google ulioanza 2024. Vyote viwili humtahadharisha mtu anayefuatwa, akiwemo mwizi, kwa hiyo mimi ningeviweka kwenye funguo na mkoba.

Kwa pikipiki, ningelipia traka ya 4G yenye GPS na betri yake ya akiba. Kabla ya kutoa pesa, mwambie fundi aiwashe ndani ya duka lake, mlango ukiwa umefungwa, mtazame ramani pamoja.