Wingu ndani ya kabati: nafuu au kitanzi?

KWA miaka mingi, kampuni kubwa zilinunua seva kwa muuzaji mmoja, vifaa vya kuhifadhia data kwa mwingine na programu kwa wa tatu, kisha mafundi wakatumia miezi kuviunganisha. Mtambo ulipokwama, kila muuzaji alimtupia lawama mwenzake.

Kampuni ya Oracle ya Marekani ilidai kuwa na dawa. Januari 2010 ilikamilisha ununuzi wa Sun Microsystems, watengenezaji wa seva, kwa takriban dola bilioni 7.4. Septemba mwaka huo, mkuu wake Larry Ellison alizindua mtambo wa Exalogic mjini San Francisco.

Kabati moja la mtambo huo lilibeba seva 30 zenye viini 360 vya kuchakata data, zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi wa InfiniBand, na programu zilizolinganishwa nazo tangu kiwandani. Idara za kampuni ziligawana nguvu hiyo kadiri ya mahitaji. Ndiyo maana Oracle iliuita wingu, ingawa ulikaa ndani ya jengo la mteja.

Marc Benioff, mkuu wa Salesforce, alipinga vikali dhana ya wingu linalouzwa kwa kabati. Kwake, wingu ni huduma inayokodishwa kupitia intaneti.

Kwa mnunuzi, hatari kubwa ni utegemezi. Leseni, matengenezo na vipuri vikitoka mkono mmoja, lawama hupata mwenyewe, lakini bei ikipanda, kuhama huwa kugumu. Hivyo, kabla ya kutia saini, swali la msingi ni namna data zitakavyotoka.