Kura Tatu kwa Mtu Mmoja: Kakamega na Uchaguzi wa Machi 1957

(Sehemu ya pili)

Makala iliyopita ilikomea mwaka 1953, chama cha KAU kilipopigwa marufuku na viongozi wake wengi wakiwa kizuizini. Leo tuuingie uchaguzi wenyewe, ule wa Machi 1957, wa kwanza ambamo Mwafrika wa Kenya alipiga kura kumpeleka mtu wake katika Baraza la Kutunga Sheria. Tangu Eliud Mathu aingie barazani humo mwaka 1944, Waafrika wote waliomfuata waliingia kwa kuteuliwa na gavana. Wananchi waliweza kupendekeza majina, lakini kalamu ilikuwa ya gavana.

Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Mji wa Nairobi ulipata kimoja. Nyanza iligawanywa sehemu tatu: Kusini, Kati na Kaskazini, na hiyo ya Kaskazini ndiyo yetu, ambayo makao yake yalikuwa Kakamega. Mji wetu wakati huo haukuwa na meya. Mambo ya wilaya yaliendeshwa na Baraza la Wilaya la Waafrika, mrithi wa lile baraza la wenyeji la miaka ya ishirini ambalo mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya (DC). Kwa hiyo watu wa hapa hawakuwa wageni wa siasa. Walichokuwa hawajakiona ni karatasi ya kura ya siri yenye uzito wa kitaifa.

Uzito huo, hata hivyo, haukugawanywa sawa. Serikali ilimpa Walter Coutts kazi ya kupendekeza namna Waafrika watakavyopiga kura (huyu ndiye baadaye aliyekuwa gavana wa mwisho wa Uganda), naye akaja na mizani ya sifa. Elimu ya shule ya kati ilikuwa sifa. Mapato ya pauni 120 kwa mwaka, au mali ya thamani ya pauni 500, ilikuwa sifa. Utumishi wa miaka mingi serikalini au jeshini, umri mkubwa, nishani, vyote vilihesabiwa. Mwenye sifa moja alipata kura moja; aliyezikusanya kadhaa aliweza kufikisha kura tatu, asizidi hapo. Asiye na hata moja alibaki nje ya daftari.

Pauni 120 zilikuwa shilingi 2,400, yaani shilingi 200 kwa mwezi. Kibarua wa kawaida hakuufikia mshahara huo. Karani mzoefu, mwalimu mwenye cheti, mfanyabiashara mwenye duka lililosimama, hao ndio waliolengwa. Wenzetu wa Tanganyika mwaka uliofuata nao walikuwa na kura tatu, ila zao zilikuwa za namna nyingine: kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kule hila ilikuwa katika rangi za wagombea. Hapa ilikuwa katika mfuko na shule ya mpiga kura.

Ili kuona mizani hiyo ilivyofanya kazi, twende kwanza Nairobi, ambako matokeo yalikaribiana. Tom Mboya alipata kura 2,138, na mwanasheria Argwings-Kodhek akapata 1,746. Tofauti ni kura 392. Lakini hizo ni kura, si watu. Wapiga kura 131 tu wenye kura tatu tatu wangetosha kuizidi tofauti hiyo. Na kama 66 wa namna hiyo waliokuwa upande wa Mboya wangehamia kwa mpinzani wake, Kodhek ndiye angekwenda barazani. Jina la Mboya, ambalo leo tunalitaja kama kwamba ushindi ulikuwa wake tangu mwanzo, liliponea kwenye kundi la watu wanaoweza kukaa katika madarasa mawili. Tukumbuke pia kwamba maelfu ya Wakikuyu walikuwa wameshaondolewa Nairobi na operesheni ya serikali ya Aprili 1954, na kwamba Mkikuyu, Mwembu au Mmeru aliyetaka kupiga kura alidaiwa kwanza cheti cha utiifu kwa serikali.

Cheti hicho kilimuumiza mtu ambaye waliokitunga hawakumkusudia. Mathu, mkongwe wa baraza, mtu wa hoja na lugha laini, aligombea Mkoa wa Kati. Wakikuyu waliopewa vyeti walikuwa wachache kuliko Wameru, na kiti kikachukuliwa na Bernard Mate wa Meru. Serikali ilichimba shimo, akatumbukia mgeni wake mwenyewe.

Sasa Kakamega. Mgombea aliyejulikana zaidi alikuwa W. W. W. Awori, mwana wa Kasisi Jeremiah Awori, mhariri wa magazeti ya Kiswahili na kiongozi wa KAU, aliyekuwa akiiwakilisha Nyanza Kaskazini kwa uteuzi. Dhidi yake, pamoja na wengine, alisimama Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili aliyerudi mwaka 1954 kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town na kuingia kazi ya ualimu. Muliro alishinda.

Wapo wanaosema Awori aliangushwa kwa kuwa kibaraka. Sikubaliani nao. Mtu aliyeandika na kusimama na KAU katika miaka ile migumu hawezi kupewa jina hilo kirahisi. Kilichomponza, kwa maoni yangu, ni asili ya kiti chake, na katika wilaya hii asili ya kiti ilikuwa jambo zito. Wazee wa Kakamega hawakuwa wamesahau dhahabu. Mwaka 1930 serikali iliahidi kwa sheria kwamba ardhi ya wenyeji ikitwaliwa, watafidiwa kwa ardhi nyingine. Dhahabu ilipozuka, mwaka 1932 sheria hiyo ikabadilishwa upesi ili fidia iweze kuwa fedha tu. Watu walioonja ahadi ya namna hiyo huwa na jicho kali kwa yeyote aliyeketi meza moja na gavana, hata akiwa ameketi kuwatetea.

Kisha ipo hesabu ya shule. Wakweka (Quakers) walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakawa Mumias muda mfupi baadaye, Waanglikana Butere mwaka 1912, na serikali nayo ikajenga shule yake hapa mjini. Mizani ya Coutts ilidhani msomi atakuwa mpole. Katika wilaya iliyojaa walimu, mizani hiyo iliwapa uzito walewale waliokuwa na sababu kubwa ya kukasirika: watu waliosoma kama bwana wao na kulipwa pungufu yake. Mwalimu ndiye aliyekuwa na kura zaidi ya moja, ndiye aliyewasomea jirani gazeti, na mgombea aliyeshinda alikuwa mwalimu mwenzake.

Jambo jingine husahaulika. Mwaka 1956 upande wa Bungoma ulikuwa umetengwa na kuwa wilaya ya Elgon Nyanza. Muliro alikuwa Mbukusu wa upande huo uliojitenga, lakini jimbo la uchaguzi lilikuwa bado moja. Vyama vya nchi nzima vilikuwa haramu kwa Waafrika. Viliruhusiwa vya wilaya tu. Katika hali hiyo mgombea hakuwa na bendera wala ilani ya kitaifa ya kujificha nyuma yake. Alisimama na jina lake, kanisa lake, shule yake na ukoo wake, na ilimbidi avuke mipaka ya Wawanga, Waisukha, Wamaragoli na wengine kwa miguu yake. Ajabu ni kwamba ilivukika.

Mathu, Ohanga aliyekuwa waziri wa kwanza Mwafrika, na Awori wote walianguka Machi hiyo. Miongoni mwa walioteuliwa zamani waliosalimika ni Daniel arap Moi. Washindi wote wanane waliunda umoja wao, Oginga Odinga mwenyekiti na Mboya katibu, wakakataa vyeo vya uwaziri na kuitangaza katiba ya wakati huo, ile ya Lyttelton, kuwa imekufa. Kabla mwaka haujaisha London ilikubali kuongeza viti sita, vikajazwa Machi 1958. Umoja wenyewe haukudumu. Mwaka 1959 Muliro alianzisha chama kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, Odinga na Mboya wakaenda njia nyingine, na ufa huo ndio uliozaa vyama vya KADU na KANU. Uchaguzi wa 1961, ambapo aliyejua kusoma lugha yake au aliyevuka miaka 40 aliruhusiwa kupiga kura, ndio mada ya wiki ijayo.