Franga 50 yako, butike inaweza kuikataa?

Juzi nilienda kulipa deni la mbegu za lengalenga, franga 1.500. Nikatoa elfu moja na noti kumi za 50. Mwenye butike akaziangalia tu: « Hizi hazitembei, kaka. »

Hazitembei kwa amri ya nani? Katiba ya 2006, article 170, inasema franga ya Congo ndiyo feza ya taifa, na iko na « pouvoir libératoire » katika inchi yote. Maana yake, ukiilipa, deni limekwisha. Haikusema noti kubwa tu. Na mwenye kutoa noti ni Banque Centrale (article 176), siyo butike wala kambiste. Dola, ile article haiitaji hata kidogo. Lakini sisi dola tunaibembeleza!

Nisimuonee mwenye butike. Anaogopa kwa depo watamukatalia pia, na hofu yake ndiyo inaua noti. Ni kweli noti zinakufa zenyewe bei zikipanda: franga ilipoanza 1998 kulikuwa hata karatasi ya santimu 1, leo nani anaikumbuka? Ila hii ya 50 bado ni feza. Tukiikataa, kitu cha 50 kinakuwa 100 palepale, na anayeumia ni mama anayenunua chumvi ya kupima kwa kijiko.

Nilimuonyesha article 170 kwa telefone. Akacheka. Kwa kayie yake alifuta elfu moja tu. 500 ingali imeandikwa kwa jina langu.