Azimio la Arusha Lilivyopangwa

Sisi wa Lemara tuendapo mjini huuona Mnara wa Azimio, lakini ni wachache tuliolisoma Azimio lenyewe. Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha hapa Arusha mwezi wa Januari 1967.

Lina sehemu tano. Ya kwanza ni Imani ya TANU, yenye kukiri kwamba binadamu wote ni sawa. Ya pili ni Siasa ya Ujamaa. Ya tatu ni Siasa ya Kujitegemea, ielezayo kwamba msingi wa maendeleo si fedha, bali ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ya nne ni uanachama. Ya tano inawabana viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, wala hisa katika kampuni, wala nyumba ya kupangisha.

Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Hata hivyo, mpango wake umenifunza jambo: asemaye watu ni sawa, amalizie kwa kujifunga mwenyewe. Mimi ni kiranja, nami huchota uji kabla ya wenzangu. Sehemu ya tano imenisuta. Tangu sasa nitapanga mstari.