Mwalimu wa Fizikia Hupikwa Hivi

Uzi, kitufe cha chuma, stendi na stopuwachi. Kwa vifaa hivyo tu, mwanachuo wa ualimu hutolewa jasho. Anaambiwa aning'inize kitufe kwenye uzi wa sentimita 50, akivute kando kidogo, akiachie, kisha apime muda wa kwenda na kurudi mara 20. Jibu hukaribia sekunde 28.4. Meza ya pili wamepata 27.

Kifaa si kibovu. Wa meza ya pili alihesabu "moja" pale pale alipoachia kitufe badala ya kuanzia sifuri, hivyo alipofika 20 kilikuwa kimekwenda na kurudi mara 19. Muda huo ukiingizwa kwenye kanuni, mchapuko wa mvutano wa dunia hutoka karibu 10.8, si 9.8. Mkufunzi hasahihishi haraka. Anauliza: mwanafunzi wa kidato cha tatu akikuletea jibu hili, utajuaje alipoteleza?

Kubaini alipoteleza mwanafunzi ndiyo kazi ngumu ya mafunzo haya.

Nchini Tanzania, aliyemaliza kidato cha sita kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anaweza kusoma stashahada, kwa kawaida miaka miwili, katika vyuo kama Kleruu, Iringa. Mwingine huchukua shahada ya miaka mitatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, au DUCE (Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam) na Mkwawa, vyuo vishiriki vilivyoanzishwa mwaka 2005. Wengi huandaliwa kwa masomo mawili, mathalani fizikia na hisabati. Wanasoma umakanika, umeme na mawimbi, na papo hapo saikolojia ya elimu, upimaji na mbinu za kufundishia.

Kisha huja mazoezi ya kufundisha, maarufu kama BTP (Block Teaching Practice). Mwanachuo hupelekwa shuleni akiwa na azimio la kazi na andalio la somo, anapewa kipindi cha dakika 40, na siku ya ukaguzi msimamizi huketi nyuma ya darasa akiandika.

Chukua somo la umeme. Balbu mbili zinazofanana zimeunganishwa kwa mfuatano, na wanafunzi wengi wanaamini ya kwanza itawaka zaidi kwa kuwa "inakula" umeme kabla ya mwenzake. Kuwakatalia kwa maneno hakusaidii. Mwalimu aliyeiva huwaacha wabashiri, kisha huweka ammita kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Mshale unasimama palepale mara zote tatu. Hapo ndipo mjadala huanza, mara nyingi kwa Kiswahili, ingawa nukuu na mtihani ni kwa Kiingereza.

Uhaba wa walimu wa sayansi umewahi kuisukuma serikali itafute njia ya mkato. Mwaka 2014 ilianzisha stashahada maalumu Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa mpango huo walirudishwa nyumbani, na baadaye baadhi yao wakahamishiwa vyuo vya ualimu.

Siku hizi mhitimu anayetaka kuajiriwa serikalini hupita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Akifika kituoni, mara nyingi hukabidhiwa pia ufunguo wa maabara, maana shule nyingi hazina fundi sanifu. Kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, yeye ndiye anayepima nyuzi, kukagua betri na kuhakikisha kila meza ina stopuwachi inayofanya kazi.